Feni sita, neti ya mbu na nyimbo za Mwalimu Perez: nilivyonyamazisha PC ya studio yangu Homa Bay

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii story nimekuwa nikiikwepa kwa sababu inanionyesha nikiwa mjinga, na nyinyi watu hamjui kusamehe. Lakini kila kitu nitaandika hapa kilinitokea mimi, kwa mikono yangu. Walioshuhudia ni wawili, wote wako hai, na mmoja wao hunicheka mpaka leo.

Kama umekuja kutafuta jibu la "nipange feni zangu aje PC iwe baridi na isipige kelele", jibu liko. Lakini utasoma kwanza. Mimi niliteseka wiki nzima kulipata, na wewe dakika kumi hazitakuua.

Niko Homa Bay town. Nina chumba kimoja cha kukodi, mabati juu, na ndani yake nimeweka studio ndogo. Kwaya za kanisa, matangazo ya matanga na harambee, watu wa kampeni wakati wao ukifika. Maiki moja nzuri ya USB, PC moja, meza moja, mimi mmoja.

Jirani yangu wa ukuta ni fundi wa nguo, tunamwita Mama Gati. Ni Mkuria, kwao ni huko nyuma ya Migori ukielekea Isebania. Cherehani yake nimeisikia mpaka naiota.

Sasa PC.

Nilinunua casing ex-UK, nyeusi, ya watu wazima, ikiwa na feni tatu za kawaida. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini si mnajua ibilisi wa YouTube? Nikaona setup za watu, vioo na taa za rangi zikibadilika, na nikaona yangu inakaa kama sanduku la bweni.

Nikaagiza feni sita za RGB, zile zenye taa za rangi. Zile tatu za zamani nikazitoa, nikatupa kwa drawer. Sita nikazipanga: tatu mbele, mbili juu, moja nyuma.

Hapa ndipo nilianza kukosea, na wengi wenu mko na hili kosa saa hii mnaponisoma. Feni ina sura na mgongo. Sura ndiyo ile pande safi, yenye taa inaonekana vizuri. Mgongo uko na vile vimikono vinashikilia motor. Hewa huingia kwa sura na kutokea kwa mgongo, upande wa vimikono.

Mimi niligeuza sura zote sita ziangalie nje. Kwa nini? Ndiyo taa zionekane, bana. Kwa hivyo feni zote sita zilikuwa zinavuta hewa ndani. Hata ya nyuma. Hata za juu.

Sikujua. Nilijua tu PC inapendeza, na wateja wanaingia wakisema wueh.

Na hizo feni zilikuwa za kuchomeka moja kwa moja kwa power supply. Hakuna speed ya kupunguza. Ukiwasha PC, zinazunguka kwa nguvu zote hadi uzime. Kwaya ya watu thelathini ikiimba, nani atasikia feni? Nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Kama umeishi karibu na ziwa unajua wale wadudu wadogo hutoka majini kwa makundi, lake flies. Jioni yoyote wakiona mwanga, wanaingia. Mdudu wa ziwa hana adabu. Mimi nilikuwa nimeweka taa sita zenye rangi na feni sita za kuwavuta ndani. Baada ya wiki nikafungua casing, nikakuta wadudu wamelala kwenye motherboard kama omena imeanikwa.

Nikaenda kwa Mama Gati na kipande cha neti ya mbu. Nikamwambia, "Nishonee vifuniko, kunja mara nne ndiyo kusipite kitu." Nikampa vipimo. Akashona, safi, na elastic pembeni. Nikavalisha PC mbele, juu na nyuma kama mtoto anayepelekwa clinic.

Wadudu wakaisha. Nikajiona engineer.

Niliishi hivyo miezi kadhaa. Joto lilipanda lakini sikuangalia. Kelele iliongezeka kidogo kidogo na mimi nikaizoea.

Halafu Jumatatu moja Mwalimu Perez akaingia.

Mwalimu Perez alinifundisha nursery, huko upande wa Rodi Kopany. Kila mtu wa umri wangu aliyepita kwa ile shule anajua nyimbo zake. Alikuwa anatunga mwenyewe. Wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa kuhesabu, wimbo wa mvua ikipiga mabati, na mmoja wa kulaza watoto saa saba baada ya uji. Zingine za Kiswahili, zingine Dholuo, zingine zote mbili kwa mstari mmoja. Alistaafu, lakini walimu wadogo bado huenda kwake kuuliza, "Madam, ule wimbo wa mvua unaenda aje?"

Alikuwa amejifunga leso shingoni. Alipoitoa nikaona uvimbe. Nilijua ni mgonjwa, sikujua umefika hapo.

Akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Nyathina, mtoto wangu, Jumanne ijayo wananipasua Kisumu."

Daktari alimweleza wazi. Sauti inaweza kurudi kama kawaida, inaweza kurudi nzito, inaweza kuchukua muda mrefu. Hawezi kumwahidi. Mshipa wa sauti umepita karibu na pale watakata.

"Hizo nyimbo haziko kwa kitabu," akasema. "Maneno niliandika. Lakini vile inaimbwa, hiyo haiandikiki. Nataka uzitoe kwangu kabla ya Jumanne."

Nyimbo tisa. Na sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. Si kuimba kwa nguvu, ni kama mtu anaimbia mtoto amelala begani. Nyimbo tatu tu kwa siku, halafu koo inakataa.

Wakuu, mimi nilimwambia, "Mwalimu, hiyo ni kitu rahisi." Haki ya Mungu nilisema hivyo.

Jumatano tukaanza. Akakaa, nikamwekea maiki karibu, nikavaa headphone. Sauti ni ndogo, kwa hivyo nikapandisha gain, ile nguvu ya maiki kusikia. Na nilipopandisha gain, PC yangu nayo ikapanda. Vuuuuu. Nikasikia feni sita kwa masikio yangu kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa anaimba ndani ya posho mill inayosaga mahindi.

Najua mtaniuliza. Kwa nini hukutumia simu? Nilijaribu. Simu yangu inajifanya mwerevu, inaondoa kelele yenyewe, na sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo hivi kwamba simu ilidhani yeye ndiye kelele. Ikamkatakata. Kwa nini hukupeleka PC mbali? Waya ya maiki ni fupi, na extension niliyopata mjini ilikuwa inadondosha sauti. Kwa nini hukusafisha na software? Nilisafisha. Kelele ikatoka, na pumzi ya Mwalimu ikatoka nayo, akasikika kama amezama kwa ndoo.

Kwa hivyo nikafanya kitu ambacho mtu mwenye kiburi hufanya. Nikaongeza.

Alhamisi asubuhi nikaweka kipande cha godoro chini ya PC ndiyo kumeza mtetemo. Sikukumbuka power supply yangu inavuta hewa kwa chini. Nikaizibia. Halafu nikafunika PC na blanketi pande mbili. Kwa dakika kumi ilisikika nzuri, kweli. Halafu feni ya CPU ikaona joto, ikaanza kupiga mayowe juu ya zile zingine sita.

Mwalimu aliimba tatu siku hiyo. Zote zilikuwa na mayowe nyuma. Hakulalamika. Alikunywa maji moto ya tangawizi kwa thermos yake, akasema, "Utapata dawa yake, Ouma. Ulikuwa mkaidi hata darasani."

Sikujua kama ni sifa ama ni matusi.

Ijumaa ndiyo nilitaka kulia.

Niliondoa blanketi, nikaacha godoro. Nikafunga dirisha ili kelele ya barabara isiingie. Mabati juu yanawaka. Mwalimu akasema leo tuanze na wimbo wa kulaza watoto, kwa sababu ndiyo mgumu, unapanda juu katikati halafu unashuka polepole, na anataka kuuimba koo ikiwa fresh.

Akaimba. Wakuu, mimi ni mtu wa kurekodi, nimesikia watu wakiimba vizuri na vibaya. Alipofika pale inapopanda, sauti ilishika. Nyembamba, safi, bila kukwaruza. Nilikuwa na miaka mitano tena, kichwa kwa dawati. Feni zilikuwa zinalia, lakini nikasema moyoni, hata kama iko na kelele, hii nimeipata.

Skrini ikawa nyeusi.

PC ilijizima kwa joto. Paap. Feni zikasimama, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo chumba kikawa kimya, na Mwalimu bado anaimba mstari wa mwisho kwa ile kimya yote, na hakuna kitu kinarekodi.

Akamaliza. Akanitazama.

"Imekufa?"

"Imejizima tu, Mwalimu."

"Na wimbo?"

Niliwasha. Faili ilikuwa imeharibika, haifunguki. Nikamwambia. Akarudisha leso shingoni, akaifunga pole pole.

"Hiyo ndiyo ilikuwa nzuri," akasema.

Alijaribu tena, ikakwama pale pale juu. Akakohoa. Akasema kesho na Jumapili atanyamaza kabisa, hataongea hata na kuku. Jumatatu saa sita anapanda gari ya Kisumu. Kwa hivyo imebaki Jumatatu asubuhi peke yake, nyimbo zote tisa kwa koo moja.

Niliona haya. Nilimsindikiza stage ya Rodi, na nilishindwa kumwangalia.

Jumamosi mchana niko chini sakafuni na screwdriver, casing imefunguliwa, vifuniko vya neti viko kando. Mama Gati akaja mlangoni na futi shingoni.

"Jirani, jana mama wa watu ametoka hapa kama ametoka mazikoni. Umemfanya nini?"

Nikamweleza. Yote. Akasikiliza akiangalia vile vifuniko. Akaokota kimoja.

"Ngoja. Hii ndiyo ile neti nilikushonea?"

"Ndiyo."

"Wewe uliniambia ni ya kuzuia wadudu. Mimi nilijua ni ya dirisha ya jikoni! Nimekunja mara nne, halafu wewe unaenda kufunga kitu inapumua?" Akaniangalia vile unaangalia mtu amevaa kiatu kwa mkono. "Na hizi taa ni za nini? Hii ni kompyuta ama disco matanga?"

Nikamnyang'anya kile kifuniko, nikakisukuma chini ya meza.

Sasa hapa ndiyo nilijifunza, na nilijifunza kwa fundi wa nguo.

Mama Gati amekulia kwa tumbaku. Baba yake alikuwa na bani, ile nyumba ndefu ya kukaushia majani ya tumbaku kwa moto. Kazi yake akiwa msichana ilikuwa kuchunga matundu. Kuna matundu ya chini, hewa baridi inaingia, na ya juu, joto na unyevu unatoka. Akaniambia ukifunga ya juu ili usipoteze joto, majani yanaoza. Ukifungua kila mahali, hewa inaingia hapa na kutokea hapo hapo karibu, haifiki kwa majani. Wakati mmoja alifunga juu kwa sababu ya mvua, akasahau kufungua, na baba yake akapoteza bani nzima. Alisema hiyo bila kucheka.

"Washa hii kitu yako," akasema. "Wacha tuone moshi unaenda wapi."

Nikarudishia ubavu wa casing, nikawasha, na yeye akaenda kwake, akarudi na mosquito coil, ile dawa ya mbu ya kufukiza, imewashwa.

Akaishika mbele ya PC. Moshi ukaingia. Sawa.

Akaishika juu. Moshi ukashuka, ukaingia.

Akazunguka nyuma, pale nilikuwa na uhakika hewa inatoka. Moshi ukaingia.

Akainua kichwa. "Inaingia mbele, inaingia juu, inaingia nyuma. Sasa joto itatokea wapi, kwa simu?"

Mimi nilikaa chini kabisa. Miezi yote hiyo! Nilikuwa nimejenga nyumba yenye milango sita ya kuingia na hakuna wa kutoka, halafu nikaivalisha sweta nne. Nilianza kucheka, na yeye akacheka, na nikaona pia nimekasirika. Wimbo wa Mwalimu niliuua kwa ajili ya taa. Hiyo ndiyo ukweli wake.

Nilitoa feni zote sita hapo hapo.

Nikafungua drawer, nikatoa zile tatu za zamani, nyeusi, hazina taa hata moja. Waya zake zinaingia kwa motherboard, kwa hivyo speed naweza kupanga mwenyewe.

Mbili nikaweka mbele, chini kabisa, sura nje na mgongo ndani. Zinavuta. Moja nyuma, juu, usawa wa CPU, sura ndani na mgongo nje. Inatoa. Hewa inaingia chini mbele, inapita juu ya vitu vya moto, inatokea nyuma juu. Mstari mmoja.

Matundu ya juu nikauliza Mama Gati, akasema, "Funga. Hewa ikipata mlango karibu itatoka kabla haijafanya kazi." Nikakata manila ya box ya viatu, nikafunga na tape.

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli, nikaomba kipande cha tube iliyokufa. Nikakata vipande vidogo, nikaweka katikati ya kila feni na casing, na screw sikukaza mpaka mwisho. Ule mlio wa chini wa casing kutetemeka ulikufa papo hapo. Hiyo siri ndogo imenisaidia kuliko kitu chochote nimewahi kununua online.

Godoro nikaitoa. Nikainua PC kwa vipande vinne vya mbao ili power supply ivute hewa chini.

Halafu BIOS, pale ndani PC hupangiwa mambo yake kabla haijawaka vizuri. Nikaweka feni zizunguke polepole mpaka CPU ipate moto wa kweli, na hata zikiongeza, ziongeze taratibu. Mwanzo niliweka chini sana moja ikakataa kuanza, nikapandisha kidogo. Masikio hayachukii sana feni inayozunguka, yanachukia feni inayopanda na kushuka kila dakika.

Na wadudu? Mama Gati alikata neti mpya, safari hii moja tu, hakukunja, na kubwa kuliko mdomo wa PC mara tatu hivi. Akashona pindo, nikatengeneza frame ya mbao, tukaisimamisha mbele ya PC nafasi ya kiganja, na kufunga pembeni kote. "Ikibana mdomo inaziba," akasema. "Ikiwa mbali na ni kubwa, hewa inapita bila kujua iko hapo." Na taa zikiwa hazipo, wadudu wenyewe hawana tena sababu ya kuja.

Tukarudia coil. Mbele moshi ukaingia pole pole. Nyuma ukasukumwa nje, mpaka usoni kwa Mama Gati, akaanza kukohoa na kupiga makofi.

(Coil ni dakika moja tu wakuu. Msiende kufukiza motherboard masaa mawili halafu mseme ni mimi.)

Niliipa PC kazi nzito saa nzima, chini ya mabati, dirisha limefungwa. Haikuzima, haikupiga mayowe. Ilikuwa baridi kuliko siku ile ilikuwa na feni sita. Feni tatu, nusu ya zile nilikuwa nazo.

Jumatatu Mwalimu alifika saa mbili, na bag yake ya hospitali. Hakuwa ameongea siku mbili. Alionyesha kiti kwa kidole, kama anauliza, nikae?

Mama Gati alizima cherehani bila kuambiwa, akaketi mlangoni kwake kuzuia watu.

Nilivaa headphone, nikapandisha gain. Kimya. Kimya hadi nikasikia saa ya ukuta, nikasimama nikaitoa betri. Nikasikia leso ya Mwalimu ikigusa kola. Nikasikia akimeza mate.

Tuliimba ule wa kulaza watoto kwanza. Nasema tuliimba, mimi sikufungua mdomo. Pale juu sauti ilitetemeka kidogo. Haikuwa safi kama ya Ijumaa, sitawadanganya. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwanzoni, halafu ikakaa. Alirudia mara moja. Akanionyesha kidole gumba, twende.

Nane zilizobaki aliimba mfululizo. Wa mwisho, ule wa mvua, sauti ilikuwa karibu imeisha, unasikia pumzi zaidi ya wimbo, na bado kila noti iko mahali pake. Kama zile feni zingekuwa pale, hungesikia chochote.

Saa tano na nusu nikambebea bag mpaka kwa gari.

Sasa nilichojifunza, kwa mtu ako na haraka. Jua hewa inaingia wapi na inatoka wapi kabla hujaongeza feni hata moja. Feni chache zinazozunguka polepole zinashinda nyingi zenye kelele. Usizibe mdomo wa kitu kinachopumua, neti, godoro, blanketi, ama vile vitambaa mama huweka juu ya kila kitu. Shika moshi uangalie kwa macho yako, usiamini vile unadhani. Na taa ni nzuri kwa mtu anayeangalia kompyuta. Kama kazi yako ni kusikiliza watu, zizime.

Zile feni sita nilimpa mtu wa Migori ana duka la gaming. Nikamwonyesha vimikono, nikamwapisha asigeuze sura zote nje.

Operation ilienda vizuri, uvimbe haukuwa mbaya. Lakini kwa wiki kadhaa Mwalimu hakuongea, alikuwa anaandika kwa exercise book. Na sauti iliporudi, ilirudi nzito. Nzito kabisa, kama ya mzee. Yule anayeimbia watoto hakurudi.

Nilimtumia nyimbo kwa flash, na walimu wa nursery wakapata zao. Nilidhani kazi yangu imeisha.

Alhamisi moja pikipiki ikasimama nje, nikaona ni yeye. Nikajua amekuja kusema asante, nikaanza kutafuta kiti. Akanipungia mkono nisisumbuke, akakaa mbele ya maiki, akachukua headphone akavaa mwenyewe.

"Weka ule wa kulaza watoto," akasema kwa ile sauti mpya.

Nikaweka. Akasikiliza mpaka mwisho, macho yamefungwa. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa tayari karibu.

Akasema, "Anza tena."

Safari hii akaimba pamoja nayo, chini, chini kabisa, akikwaruza. Pale inapopanda akapotea. Akasimama, akatikisa kichwa, akaanza kucheka.

"Huyu mama ananishinda," akaniambia. "Lakini ni mwalimu mzuri. Rudisha nyuma, nyathina, nimfuate tena."

Nikarudisha nyuma.

Sasa huja kila Alhamisi. Mwezi uliopita alishika mstari wa kwanza wote bila kupotea, na Mama Gati akapiga kigelegele kutoka ng'ambo ya ukuta. Pale juu bado.

Anataka nimrekodi na hiyo sauti mpya akimaliza kujifunza. Feni zangu tatu ziko sawa, lakini ile ndogo ya ndani ya power supply imeanza kunguruma, na sauti yake ya sasa iko chini pale pale inaponguruma. Kama kuna mtu humu amewahi kuibadilisha bila kujichoma, anieleze hapo chini, hatua kwa hatua. Kesho ni Alhamisi.